Nati Iliyobaki Mkekani

Sijui alizaliwa wapi. Katika miaka sita niliyofanya kazi chini yake sikumsikia hata mara moja akitaja kabila lake wala jina la baba yake. Ukimuuliza ametokea wapi alijibu, "Idara ya matengenezo," kwa sauti ya mtu anayetaja wilaya. Sisi walimu tulimwita Mkuu. Wanafunzi walimwita Mkuu, na wauza ndizi waliopita getini nao walimwita Mkuu. Hata mke wake, alipomletea chakula na kukuta cha jana bado hakijaguswa, alimwita Mkuu, ila yeye alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja maradhi.

Alikuwa mkuu wa chuo kidogo cha uhandisi pale Morogoro, chini kabisa ya mlima, ndani ya ghala lililokuwa la katani. Mvua ikianza kunyesha Uluguru tuliisikia ikija, na ikifika juu ya mabati yetu hakuna somo lililosikika. Bango la getini lilikuwa na neno moja tu, CHUO. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini haandiki jina zima, watu wajue ni chuo gani na kinafundisha nini. Alisema maneno mengine tutayaongeza tukishayastahili.

Kwa msomaji ambaye hakuishi pale miaka ile, nieleze kidogo. Viwanda ambavyo mji wetu ulivitegemea vilikuwa vinauzwa au vinafungwa, kimoja baada ya kingine. Watu waliokuwa wamevaa ovaroli kwa miaka ishirini walirudishwa nyumbani na barua ya kuwashukuru. Wakati huohuo tuliambiwa kwamba sasa ni ruksa: mtu binafsi anaweza kufungua duka, zahanati, shule, apendacho. Basi kila aliyekuwa na chumba cha ziada alifungua kitu. Mkuu alikuwa fundi mkuu katika kimoja cha viwanda vilivyofungwa. Mashine zilipouzwa kama chuma chakavu, yeye alikwenda na mkokoteni akanunua mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa, jiliwa mbili za kubania chuma, na king'ora cha kiwanda. Wenzake walimcheka kwa king'ora. Mimi bado sijaamua kama walikosea.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikipiga kile king'ora, ili wanafunzi wajue nidhamu ya kazi. Alifanya hivyo wiki mbili. Kisha walikuja wazee watatu wa mtaani, wote waliokuwa wamepunguzwa kazini, wakamsalimia kwa adabu na kumweleza shida yao. Mmoja alisema king'ora kikilia anajikuta ameshavaa viatu, anasimama mlangoni, hajui aende wapi. Mkuu aliwasindikiza hadi getini. Kesho yake alining'iniza kipande cha reli kwenye mti, na tangu hapo tuligongewa reli. King'ora alikifungua, akakifanya somo la umeme. Nataja kisa hiki mapema, kwa sababu katika mengi yanayofuata nitamlalamikia, na nisingependa msomaji adhani hakuwa na moyo. Moyo alikuwa nao. Alichokosa ni uwezo wa kufanya jambo kwa njia iliyo rahisi.

Nilipokwenda kuomba kazi nilibeba vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki. Hakuifungua. Alinipa penseli butu na kisu, akaniambia niichonge. Niliichonga. Aliitazama ncha, akachora nayo mstari kwenye karatasi, akauliza ninaweza kuanza lini. Nikaajiriwa kufundisha hesabu, vipimo na uchoraji wa kiufundi. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza angefanya nini kama ningeivunja ile penseli.

"Ningekupa nyingine," alisema. "Aliyevunja moja anaijua zaidi."

Ndivyo alivyokuwa. Ukidhani umeshamwelewa upande huu, anatokea upande wa pili, ana grisi hadi kwenye viwiko, na tai shingoni. Ndiyo, alivaa tai chini ya ovaroli, akaipachika ndani ya vifungo isije ikanaswa na mashine. Wanafunzi aliwakataza tai kabisa. Nilipomwambia kwamba hilo halina mantiki alisema wao hawajajifunza bado kuogopa.

Mimi aliniita "Mwalimu" siku zote, isipokuwa anapokaribia kunikatalia jambo. Hapo aliniita "mwanangu". Nilijifunza kuliogopa neno hilo. "Mwanangu, viti vya wageni si lazima." "Mwanangu, likizo ni kwa wachovu."

Kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku ndani ya ghala letu, nalo ni "imeharibika". Alisema ni jina la uvivu. Hakuna kitu kinachoharibika, kuna kitu kinachofanya hiki na hakifanyi kile, na kazi ya fundi ni kusema kipi na kipi. Wanafunzi walizoea. Shida ilikuwa kwa wateja kutoka milimani, waliokuja kutengenezewa vitu vyao. Mama mmoja aliteremka na cherehani kichwani, akaitua, akasema imeharibika. Mkuu akaanza kumhoji. Inaharibikaje? Inakataa kuzunguka, au inazunguka haishoni? Ilianza lini? Ilianza asubuhi au jioni? Ulikuwa unashona kitambaa gani? Yule mama alivumilia maswali kama kumi, kisha akasema, "Baba, nimeleta cherehani. Sikuja kuungama." Akaongeza neno kwa Kiluguru lililochekesha darasa zima, na Mkuu, aliyelielewa vizuri, alikataa kunitafsiria. Lakini cherehani ilishona kabla mama hajamaliza kunywa maji.

Mashauri ya soko huria yalimkera. Mwalimu mwenzetu wa umeme, kijana mchangamfu aliyekuwa amehudhuria semina Dar, alisema siku moja kikaoni kwamba chuo binafsi ni biashara, kwa hiyo mwanafunzi ni mteja. Mkuu aliweka spana mezani polepole. Alisema mteja ana haki ya kuridhishwa, na mwanafunzi ana haki ya kurudishwa akarudie. Tukichanganya hizo mbili tutatoa mafundi walioridhika. Kijana alicheka, mimi nikaandika maneno hayo pembeni mwa daftari la kikao, na chuo kikaendelea kukosa wanafunzi, maana vyuo vingine vilitoa cheti kwa miezi mitatu na sisi tulichukua miaka miwili.

Sasa nifike kwenye mashine ya kukereza, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo na kuishia hapo. Ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, na kwa karakana kama yetu ilikuwa ndiyo moyo wa nyumba. Mtu mwingine angeifunika kwa turubai na kuilinda. Mkuu aliifungua. Kila darasa, kabla ya kumaliza, lilitakiwa kuifungua yote, kuipanga kwenye mikeka, kipande kwa kipande, kila kimoja kikitajwa kwa jina, kisha kuirudisha bila kutazama mchoro. Alisema mashine isiyofunguliwa ni mgeni ndani ya nyumba.

Katika kazi hiyo alikuwa na ujanja mmoja. Vipande vikiwa mkekani na wanafunzi wamekwenda kunywa chai, alikuwa akichomeka nati moja ya ziada, isiyo ya mashine ile. Wanafunzi wakimaliza kuunga, nati inabaki. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa. Wengi walitazamana, mmoja akaitia mfukoni, wote wakasema, "Tayari, Mkuu." Wengine waliipachika popote ilipoweza kukaa. Wote hao walirudia. Aliyetakiwa ni yule anayeiokota, anampelekea na kusema, "Hii imebaki, sijui ni ya wapi." Nilimwambia, na nilimwambia zaidi ya mara moja, kwamba huwezi kufundisha ukweli kwa kutega uongo. Alijibu kwamba maisha yatawatega kwa vitu vikubwa kuliko nati.

Katika miaka yote niliyokuwepo, ni mwanafunzi mmoja tu aliyempelekea ile nati mara ya kwanza, bila kusita. Alikuwa Zuhura, binti wa Mkuyuni ambaye baba yake alikuwa amepunguzwa kiwandani. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Aliifuta nati kwa kanga yake, akamkabidhi Mkuu kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mzee kikombe. Mkuu siku hiyo alikwenda kugonga reli ingawa muda wa mapumziko ulikuwa bado.

Huyu Zuhura ndiye aliyenifanya nianze kupigania usajili. Chuo kisichosajiliwa cheti chake ni karatasi tu. Mtu mwenye gereji ndogo mjini angekupokea kwa sababu anamjua Mkuu, lakini kiwanda cha sukari kisingekupokea, wala ofisi yoyote ya serikali. Zuhura alikuwa ameahidiwa nafasi katika karakana ya kiwanda cha sukari. Waliziona kazi zake, wakampenda, wakamwambia alete cheti cha chuo kilichosajiliwa kabla msimu wa miwa haujaanza. Nyumbani kwao walikuwa saba, na nafasi ile ndiyo mshahara pekee ambao ungeingia mle ndani. Nikajiambia kwamba ni lazima tusajiliwe, Mkuu atake asitake.

Fomu za maombi zilikuwa zimeletwa zamani. Nilizikuta zimekunjwa mara nne chini ya mguu wa mashine ya kutoboa, kwa sababu sakafu haikuwa sawa.

"Mwanangu," alisema, "mashine ikicheza, mtu anakatika kidole. Fomu ikicheza nani anakatika?"

Nilizitoa, nikaweka kipande cha ubao mahali pake, nikazijaza mwenyewe. Alizitia sahihi bila kusoma, ila macho yake yaliangukia mahali palipouliza idadi ya mashine zinazofanya kazi. Nilikuwa nimeandika nne. Akakata, akaandika tatu na nusu.

Tukapewa siku ya ukaguzi. Wiki nzima kabla yake nilimwomba mambo mawili. Asifungue ile mashine, na asitege nati yake. Aliniahidi yote mawili, na kwa mara ya kwanza hakuniita mwanangu. Nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Nikaazima viti vya chuma ukumbi wa parokia, vimepakwa rangi ya bluu, ili wageni wasikae kwenye mabenchi yetu yenye vibanzi. Jioni ya kuamkia ukaguzi niliondoka nikiwa nimeridhika.

Asubuhi nilipofika nilikuta mashine ya kukereza imelala juu ya mikeka, vipande vyote.

Mkuu aliniona uso, akanifafanulia kwa utulivu kwamba alfajiri alipoiwasha aliisikia ikitoa mlio ndani ya gia, mlio mdogo, lakini si wake. Mgonjwa akilalamika, alisema, humwambii asubiri wageni waondoke. Beringi moja ilikuwa imekwisha, ameshaibadilisha, sasa wanafunzi wanarudishia. Nilimkumbusha ahadi. Alisema ahadi ya kutofungua aliivunja kwa sababu ya beringi, ila ya nati anaitunza.

Wakaguzi watatu walifika saa tatu. Kiongozi wao alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia jasho. Nilimkaribisha kiti. Alitazama mikeka, akatazama daftari lake, akasema kwa upole kwamba yeye anatakiwa kuandika kwamba mashine kuu ameiona ikifanya kazi. Ikiwaka mbele yake, mengine yanazungumzika. Isipowaka, mikono yake imefungwa. Wangeweza kusubiri hadi saa saba.

Zuhura akawa ndiye msimamizi. Sijawahi kuona kazi kama ile. Hawakupiga kelele, walitajiana majina ya vipande kwa sauti ya chini, kama watu wanaosoma dua. Wakaguzi waliacha kutazama saa, wakasogeza viti karibu na mikeka. Yule mnene aliinama mbele, akaegemea nyuma, kiti kikimlalamikia chini yake, na mara mbili nilimwona Mkuu akikitupia jicho kile kiti. Saa sita na nusu mashine ilikuwa imesimama. Kiongozi wa wakaguzi alimwambia mwenzake kwamba hajaona wanafunzi wa namna hii hata kwenye vyuo vikubwa. Nilisikia kwa masikio yangu.

Hapo ndipo nilipoiona. Pembeni mwa mkeka, karibu na mguu wangu, ilikuwa imelala nati moja.

Nilijua papo hapo. Nilijua ni ujanja wake uleule, kwamba ameshindwa kujizuia hata siku hii. Hasira ilinipanda. Nikaangusha leso yangu juu yake, nikainama, nikaokota vyote viwili, nikaifunga ngumi. Nilipoinua macho, Zuhura alikuwa ananitazama.

Mkuu alizunguka mashine, akafika mkekani, akasimama. Pale nati ilipokuwa palibaki duara dogo la grisi. Kwa jicho lake hilo lilikuwa sawa na shimo barabarani.

"Hapa palikuwa na nati," alisema. "Iko wapi?"

Wanafunzi walitazama mkeka. Aliuliza mara ya pili, akiwatazama wanafunzi mmoja mmoja. Midomo ya Zuhura ilifunguka. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, na akaifunga. Mkuu aliuliza mara ya tatu, safari hii hakumtazama mtu yeyote.

"Basi haiwashwi."

Mkaguzi mkuu alisimama. Karibu ambembeleze. "Mkuu, dakika moja tu. Iwake, izime, sisi tuandike."

"Kama nati imetoka ndani, dakika moja inatosha chuma kuruka," alisema Mkuu. "Na hawa ndio waliosimama karibu."

Nikasema mbele ya wote kwamba mashine iko kamili, na kwamba yeye mwenyewe anajua iko kamili. Alinigeukia. "Mwanangu," alisema, na akaishia hapo.

Wakaguzi waliondoka saa saba. Barua ilikuja baadaye, na mstari wake mmoja niliukariri: mashine kuu ya karakana haikuonekana ikifanya kazi. Mkuu aliifungua tena mashine peke yake, siku tatu, akachunguza kila kipande, akatutangazia kwamba haikupungukiwa kitu. Mtu anaweza kufikiri hilo lilinituliza. Lilinichoma. Haikupungukiwa kitu! Sasa alituvunjia nini?

Kwenye kikao na wazazi alisimama akasema maneno matatu, "Uamuzi ulikuwa wangu," akakaa. Baba yake Zuhura, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwambia, "Umetufungia kiwanda cha pili." Mkuu aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nati iko ndani ya mkoba wangu, na nikaona amestahili.

Kiwanda cha sukari kilimchukua mtu mwingine. Wanafunzi walihama, wawili leo, watatu wiki ijayo. Haukupita mwaka tukafunga. Mimi nilipata shule ya sekondari upande wa Mzumbe, nikafundisha hesabu hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe. Ile nati niliifungia kwenye leso, nikaitia kwenye kopo la poda na kuisahau bila kuisahau. Sikuitunza ili niitazame. Niliitunza ili niwe na ushahidi, kwamba siku tuliyopaswa kusimama, mzee mmoja alitutega kwa mchezo wake.

Mwaka jana nikasikia kwamba yuko Kinole, kwa wakwe zake, na kwamba macho yanamsumbua. Nilijidanganya kwamba nakwenda kununua mdalasini. Nikaenda na kopo la poda.

Nilimkuta barazani, mashine ya kusagia viungo imefunguliwa juu ya mkeka mbele yake. Bado amevaa tai.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu," alisema kabla hajageuka. "Hujambo? Kaa. Usikanyage mkeka."

Mke wake aliniletea chai na machungwa, akaniambia kwa sauti ya kumsikilizisha kwamba mashine ile ya jirani ililetwa ikiwa inasaga, haina tatizo lolote, ila Mkuu aliusikia mlio wake akaomba iletwe. Tukacheka. Tukazungumza habari za waliokufa na walio hai. Nikaona nikikaa zaidi sitaweza. Nikafungua leso, nikaiweka nati mezani.

"Nati yako hiyo, Mkuu. Ya siku ya wakaguzi. Uliniahidi hutaiweka, ukaiweka."

Aliichukua. Akaizungusha kwa kidole gumba, macho yakitazama milima.

"Hii si yangu," alisema.

Aliingia ndani, akarudi na mkebe, akatoa nati moja kubwa kidogo, iliyong'aa kwa kushikwa. Upande mmoja ilikuwa na vitone vitatu vya kugongwa. Yangu ni hii, alisema, moja tu, miaka yote. Waliowahi kumletea waliviona vitone. Mimi sikuwahi kuviona, kwa sababu mimi sikuwahi kumletea.

Kisha akachukua kutoka kwenye mkebe bolti ya milimita, kama zilivyokuwa zote katika ile mashine yetu. Akaiingiza kwenye nati niliyoileta. Ilizunguka mara moja ikakwama. Akachukua bolti ya inchi. Ikateleza hadi mwisho: nati haikuwa ya mashine yetu. Alinipa nishike mwenyewe. Mimi, niliyefundisha vipimo kwenye chuo kile miaka sita, ambaye niliwagombeza watoto wa watu kwa kosa la nusu milimita, sikuwahi kuipima nati ile hata siku moja.

Aliitumbukiza kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akanikabidhi. "Mimi sioni vizuri. Ina rangi?"

Ilikuwa nayo. Bluu, kwenye pembe, chini ya grisi kavu.

"Mkaguzi yule mnene," alisema Mkuu. "Kiti chake kilikuwa kinacheza. Nilidhani ni sakafu."

Vile viti nilivyoviazima mimi. Nililiona lote kwa pamoja: nati inadondoka kutoka kwenye kiti, inabiringika mkekani, inajipaka grisi, na mkono wangu unashuka na leso. Kama ningemkabidhi, angejaribu bolti mbili, angesema si ya mashine, angewasha. Chai ya wageni isingepoa.

Nilimwambia naomba anisamehe, kwamba mimi ndiye niliyeificha. Akasema anajua.

"Unajua?"

"Zuhura alikuja kwangu wiki ileile. Hakutaja jina. Aliuliza, mtu akimwona mkubwa wake anaficha kitu, afanye nini. Nikamwambia ampe mkubwa wake nafasi aseme mwenyewe." Alifuta mikono. "Nilijua ni nani. Sikujua ni nini."

"Na ukawaacha wazazi wakuseme wewe?"

"Karakana ilikuwa chini yangu. Nilikuwa nakusubiri, Mwalimu. Sikujua ungechukua muda wote huu."

Nilitamani kumrushia chungwa. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa ya mtu aliyekuja kuomba radhi, kwamba angenivuta pembeni siku ile Zuhura alipokuja akaniuliza, tungewafuata wakaguzi ofisini kwao, au tungewaandikia barua. Chuo kingesimama, na Zuhura angepata kazi. Kusubiri si njia ya kutengeneza kitu. Wewe uliyekataza neno "imeharibika", nilisema, ulituacha tuharibike ukitutazama.

Aliokota gia moja mkekani, akaigeuza. Jirani alipita, akasalimia, akaangalia vipande vya mashine yake mkekani, akaendelea na safari bila kuuliza.

"Hilo sikulifikiria," alisema Mkuu.

Katika miaka yote, sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Tulikunywa chai iliyobaki.

Nilimuuliza habari za Zuhura. Hakuwahi kuajiriwa popote, alisema. Ana karakana yake Mkuyuni, karibu na soko, anatengeneza mashine za kusaga, na watu wa hadi Matombo wanamletea. Wakati mwingine hupanda kuja kumwonyesha kitu kilichomshinda, ingawa Mkuu anadhani hakuna kilichomshinda. Nilimwomba tuteremke pamoja, tumwambie wote wawili.

"Mwanangu," alisema, nami nikajua. "Nati moja haibebwi na watu wawili."

Akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akanirudishia. Nilipofika njiani aliniita kutoka barazani. Nilidhani ana neno la kuniaga. Alisema nimwonyeshe Zuhura rangi kwanza, maneno baadaye.

Gari liliponishusha Mkuyuni niliitoa nati kwenye gazeti, nikaifumbata, nikasikia nyundo kabla sijaona jengo. Kwenye bango kulikuwa na neno moja tu, KARAKANA. Zuhura alikuwa ameinama juu ya mashine, mwanamke mzima sasa, mtandio umefungwa nyuma, amezungukwa na vijana wanne wanaomtazama mikono. Aliponiona alisimama, akafuta viganja kwenye kanga.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, na macho yake yakashuka kwenye mkono wangu.

"Marahaba," nikasema, nikaifungua ngumi.